Kuku Kwenye Kiti cha Dereva

Redio iliposema Burundi kumetulia, Nizigama alikwenda bandani kwa Bi Zuhra, mjane wa Ujiji aliyempokea yeye na MG yake, kigari cha Kiingereza cha watu wawili. Miaka yote ya ukimbizi alikipaka mawese kisiliwe na kutu, akiingojea siku hii.

Alifungua mlango. Kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti cha dereva.

“Mtoe tu,” alisema Bi Zuhra, macho chini. “Asikucheleweshe safari.”

Nizigama alimwinua kidogo. Chini ya mayai palikuwa na kanga ya Bi Zuhra, ile ya kuvaa Sikukuu ya Idi, imekunjwa vizuri, pindo juu ya pindo.

Alimrudisha kuku taratibu.

“Kuku aliyeatamia hasumbuliwi, Bi Zuhra.”

Kisha akaenda kuizima redio.