Kipande cha Mtutu

Mjane alikiweka kipande cha mtutu wa bunduki juu ya meza ya kazi, kimefungwa kwa taulo la jikoni.

Huku milimani Kentucky mafundi wengi hununua mitutu ya kiwandani. Delbert, fundi ninayejifunza kazi kwake, hufua yake mwenyewe, anakunja chuma motoni mpaka kingo zishikane. Ndiyo maana bunduki zake za gumegume zinasifiwa.

"Mwanangu amekataa kubeba jeneza," mama yule alisema. "Ati babake alilewa, akashindilia baruti mara mbili, bunduki ikampasukia. Mume wangu alikuwa bwege, Delbert, lakini asubuhi ile alikunywa kahawa tu."

Delbert alikigeuza kipande kwenye mwanga wa dirisha. Mahali chuma kilipopasukia paling'aa kama kijiko kipya. Pembeni, urefu wa kucha, palikuwa na mstari mweusi wa masizi ya tanuri. Hapo kingo hazikushikana tangu siku Delbert alipozifua.

Mimi niliuona. Yeye aliuona kabla yangu, akaufunika kwa kidole gumba.

"Alishindilia mara mbili, dada."

Mjane alilikunja taulo lake.

"Basi ahsante kwa kunieleza ukweli," alisema, akaushika mkono wa Delbert kwa mikono yake miwili.

Kidole gumba hakikubanduka.