Vitunguu vya Jumapili

Shoga wa mjane, wa nyumba ya pili, alikata kitunguu vipande vinene bila kukimenya, kisha akapenyeza spoku ya baiskeli ubavuni mwa kila kipande ili pete zisiachane.

Mjane akaacha kupepea jiko.

Hawakuwa wamewasha mkaa hapa uani tangu wamzike mumewe, fundi baiskeli, aliyechoma vitunguu kila Jumapili kwa namna hiyo hiyo. Spoku ile aliinoa mwenyewe. "Ujuzi huu ni wetu wawili, mke wangu," alizoea kusema. "Ukivuka ukuta huu, nitajua ni wewe uliyeutoa."

"Mbona umenitolea macho kama umeona mzimu?" shoga alicheka. "Kaa, dada. Leo napika mimi."

Miaka sita walikula sahani moja kama ndugu, lakini vitunguu vya Jumapili shoga hakuwahi kuvigusa wala kuviona vikichomwa. Vinamletea kiungulia, alisema, na fundi alimtania hadi akakinai.

Sasa alinyanyua spoku, akaigonga mara mbili kwenye ukingo wa jiko kukung'uta majivu, akaigeuza kwa ncha za vidole bila kutazama. Tang, tang. Kama marehemu.

"Shoga," mjane aliita taratibu, "vitunguu si vinakuletea kiungulia?"

"Aa, vikichomwa hivi na maganda yake wala havinisum..."

Mkono ukabaki hewani.

Maji matamu ya kitunguu yalidondokea makaa, yakachemka, yakanuka kuungua. Hakuna aliyekigeuza.