Mayai Yaliyovuka Mto

Niliuzungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa mtoto, nikaurudia. Rangi ikatulia palepale: kijani, ya mtoto mwenye afya.

Haikuwezekana. Mayai ya mradi tuliyagawa kijiji cha ng'ambo ya mto. Hiki cha huku tulikiacha makusudi bila kitu, ili mwishoni tulinganishe watoto. Nilikuja nikitarajia nyekundu, ya utapiamlo.

"Mama Fonsa, mjukuu wako mnamlisha nini?"

"Mayai yenu," akasema, akicheka.

"Kawapa nani?"

"Binti zetu. Wameolewa ng'ambo, lakini kwao ni hapa. Wanalikata kila yai, nusu wanatuletea. Sisi Wamanggarai, mwanamume ale ashibe na ukweni kwake wana njaa? Atawatazama kwa macho gani?"

Nikageuka. Wanawake walikuwa wanavuka, maji kiunoni, vikapu kichwani, na hakuna aliyeyumba. Nusu yai, na vijiji viwili vimenawiri.

Ofisini, vijiji vikilingana, mradi umeshindwa. Unafungwa.

Mkono wa mtoto kiganjani mwangu ulikuwa mzito, umejaa. Akauchomoa, akakimbilia mtoni kuwapokea shangazi zake.

"Mbona huandiki, mwanangu?" Mama Fonsa akauliza. "Kwani tumeharibu?"