Darasa la Kifisi

Zamani, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule, Kasuku alizeeka akifundisha Kifisi. Siku moja Mama Digidigi akamjia mbio.

"Mwalimu, fisi wanatula, nawe unamfundisha mwanangu lugha yao! Hivi huchoki, hustaafu?"

"Kazi hii ndiyo kwanza naanza kuipenda, mama."

Mama Digidigi akamwondoa mtoto palepale. Jioni fisi wakaangua vicheko vichakani, mama akakimbilia mtoni. Mtoto akagoma.

"Mama, wanaambiana wenzao wanatungoja mtoni!"

Wakajificha kwenye miiba mpaka fisi wakapita.

Asubuhi Mama Digidigi akamrudisha mtoto darasani, kisha naye akakaa nyuma.

"Mwalimu, bado naogopa, nitaelewa kweli?"

"Sogea mbele, mama," akasema Kasuku. "Wanafunzi wangu hodari wote walikuja wakitetemeka."