Kifurushi cha T. Koech

Githinji alikata kamba ya kifurushi. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi, sweta nyekundu na soksi, vyote vimetoka Uingereza, vyote vya mtoto mdogo. Juu ya kifurushi pameandikwa: T. Koech, Subukia.

Basi huyo ndiye mume wa Cheptoo, mpenzi wa Githinji.

Mwaka ule wa 1968 Githinji alikuwa karani wa forodha pale posta ya Nakuru. Kazi yake ilikuwa kufungua mizigo ya ng'ambo na kuhakikisha mwenyewe ni nani. Na viatu hivi alijua ni vya nani. Cheptoo alikuwa amemwambia kwamba mumewe amemwagizia mtoto, Kiplangat, viatu vya Ulaya. Kiplangat, ambaye macho ni ya Githinji, masikio ya Githinji, hata kile kichogo! Lakini ati anaitwa mtoto wa Koech. Mtu mwingine amvishe mwanawe, yeye akiwa hai?

Mara ngapi alimsihi Cheptoo amwache huyo mume, waje wakae kwake Free Area, hapo Nakuru, wote watatu. Cheptoo alikuwa akicheka tu. Kwani mumewe hajui? Githinji akauliza. Anajua sana, Cheptoo akasema, na anakusalimia.

Anakusalimia! Mwanamume gani huyo? Lazima ni mzee goigoi, ng'ombe wengi, damu baridi. Mtu wa aina hiyo unamkaripia mara moja tu, anaachia.

Githinji akapeleka ujumbe Subukia: mwenye mzigo aje mwenyewe, hakuna kutuma mtu.

Siku ya Koech kuja, Githinji alivaa tai. Cheptoo akaingia na mtoto, nyuma yao mama mmoja mzee, amejifunga shuka begani. Mama mkwe, Githinji akawaza, akamsalimia kwa heshima na kumpa kiti. Kisha akamgeukia Cheptoo.

"Nilisema Koech aje mwenyewe. Ananiogopa?"

Cheptoo aliangalia chini. Aliyejibu ni yule mama, polepole, wala hakuwa na hasira.

"Koech ni mimi. Huyu bibi nilimwoa mimi, ng'ombe nikatoa mbele ya wazee. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto huoa bibi wa kumzalia." Akamvuta Kiplangat, akamweka katikati ya magoti yake. "Kazi yako ulifanya vizuri, kijana. Sasa lete viatu vya mtoto wangu."