Dansi Juu ya Handaki

"Saturnina, tulia!" redio ikabwata. "Tukilipua baruti tunataka mwangwi wa miamba, siyo vishindo vyako!"

"Sijatikisika, injinia. Labda ni lama anapita na mizigo."

"Lama gani anapiga nyundo? Ko, ko, ko! Inatoka chini yako."

Saturnina akavitazama vipokezi vya mitetemo alivyovichomeka ardhini. Hapakuwa na mnyama wala mtu. Jasho likamteremka mgongoni, katika baridi ya milima ya Oruro, Bolivia, inayogandisha hata matusi. Chini yake kulikuwa na handaki la zamani, na kaka yake alitoka alfajiri na nyundo kwenda kuiba madini ya bati humo. Akimtaja, walinzi wa mgodi wangemngoja mlangoni mwa handaki na bunduki. Akinyamaza, baruti ingemwangushia dari.

"Tayari! Tano, nne..."

Saturnina akaruka. Akatua kwa buti zote mbili kando ya kipokezi, akaruka tena, sketi ikipepea, akicheza dansi ya kanivali.

"We dada, umepagawa? Unaniharibia kazi!"

"Miguu imeganda, injinia!"

"Haya, ukichoka tunalipua."

Akazidi kuruka, akiomba kaka yake asikie akimbie.

Kisha injinia akasema taratibu, "Saturnina, simama. Huko chini kuna mtu anakuitikia mapigo."

Saturnina akabaki na mguu mmoja hewani.