Pale Kioo Kisipofika

"Geuza shingo, baba Paskazia," Koleta alisema.

"Ya nini? Kioo hiki hapa."

Aliyeshika usukani alikigonga kile kioo kidogo kwa ukucha, akatoa kiwiko dirishani, akaivuta kofia ya pama mpaka ikagusa miwani ya kijani. Watu waliojaa uani wakacheka. Mtaa wa Isevya ulishazoea. Gari lile jekundu likiguswa tu, watoto kwa wakubwa hukusanyika, maana lilikuwa haliwaki bila kusukumwa.

Koleta hakutaka kutoka ndani siku hiyo. Alifuatwa huko huko alikokuwa ameketi na wanawake wenzake, akashikwa mkono, akaambiwa avae viatu, safari ya Urambo imeiva. Wanawake wakampisha. Mlango wa kushoto ulikataa kufunguka, ikabidi apitie upande wa dereva, auvuke mkono wa gia, ajikunje kwenye kiti chake. Viti vilikuwa viwili tu.

Kwa viti hivyo viwili walisemwa sana. Mwenyekiti wa tawi alisimama mkutanoni akauliza, katika nchi ya ujamaa, gari la watu wawili linamsaidia nani? Wenceslaus, mume wa Koleta, akajibu kuwa Tabora nzima hakuna gari la ujamaa kama hilo, kwa sababu husukumwa na mtaa mzima. Mkutano ukavunjika kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akakaa.

Zamani lilikuwa la Fakhrudin, kijana wa duka la vitambaa. Serikali ilipochukua nyumba zao za kupangisha, familia ikahama nchi, naye akamwachia Wenceslaus, fundi aliyelitibu gari hilo miaka yote. Jioni ya kuagana alimkalisha kwenye usukani akamfundisha. Fundi, alimwambia, gari hili liko chini mno, turubai limeziba pembe ya nyuma, na kioo kina mahali hakifiki. Lori zima linaingia hapo na usilione. Kabla hujahama upande, geuza shingo. Wenceslaus aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akifuta vumbi kwenye bati. Aliyesikia ni Koleta, aliyesimama kando na mtoto mgongoni.

Tangu jioni ile alikuwa na ombi moja tu katika ndoa yake. Hakuomba kanga wala cherehani. Aliomba shingo igeuke. Aliomba kwa upole, akaomba kwa kununa, na kuna siku aligoma kupakua chakula. Kila mara alijibiwa kwa mzaha, na Koleta alikuwa mwepesi wa kucheka. Akishacheka, hana la kusema tena.

"Shingo Mungu aliiweka kwa ajili ya tai," alisema sasa yule wa kwenye usukani, na Koleta, bila kupenda, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Alhamisi.

"Alhamisi lori la tumbaku lilikuwa hapa," alisema. Alinyoosha mkono nyuma ya bega la dereva, upande wa kushoto, pale palipozibwa na turubai. "Hapa hapa. Ukadhani umeshalipita, ukarudi kushoto."

"Kiooni sikuona kitu. Vumbi tupu."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mama Paskazia. Uliniambia mpaka kuku wa jirani wanajua."

Ua ukaangua kicheko tena. Wanawake wengine walicheka huku wakijifuta macho kwa pindo za kanga. Dereva akapiga mluzi kwa pembe ya mdomo, mluzi ule ule ambao Koleta aliusikia kila asubuhi gereji ikifunguliwa, kisha akatoa kichwa dirishani akawauliza watu wa ujamaa mbona wamelala. Vijana wakaweka mabega nyuma. Gari likajivuta, gurudumu moja la mbele likikwaruza bati, likaenda taratibu kuelekea barabarani.

Kwa muda kidogo Koleta akawasahau watu. Akaiona barabara ya Urambo, miti ya miombo huku na huku, na kile kiwiko dirishani. Akasikia harufu ya grisi, au alidhani ameisikia.

"Haya, sasa nahama kushoto," dereva alisema.

"Geuza shingo."

Safari hii hakuwa ananuna wala kutania. Aliishika mikono yake miwili pamoja mapajani. "Nakuomba," alisema. "Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Dereva alivua miwani, akaiweka juu ya dashibodi. Kisha, polepole, akageuza shingo, akaigeuza yote mpaka kidevu kikagusa bega, akatazama kule nyuma ambako kioo hakifiki, akakaa hivyo hivyo anatazama. Vijana waliacha kusukuma. Gari likasimama. Hakuna aliyecheka.

Koleta alimwangalia. Kitu alichokiomba tangu Fakhrudin aondoke kilikuwa kimefanyika mbele ya macho yake, nayo macho yakamjaa machozi.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Yeye hageuki. Rudia."

Kaka mkubwa wa Wenceslaus alipenya katikati ya watu, akainama dirishani.

"Inatosha, Abbasi," alimwambia dereva. "Utani wenu Wazaramo tumeuona, na marehemu mwenyewe angecheka. Shuka sasa, umshushe na shemeji, jeneza linatoka."